Vyungu vya Mama Bila Michoro

Heri ningemkatalia yule mchuuzi kutoka soko la Swima alipotaka vyungu vya mama visichorwe tena, ili viwe tayari upesi. Nilimkubalia mimi, bila kumuuliza mama, kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari na nilijiona mkubwa wa kazi.

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, mama alikwaruza shingo ya kila chungu kibichi kwa mwiba wa samaki, mistari ya mawimbi aliyofundishwa na bibi. Binti alijifunza kufinyanga kwanza. Mwiba alipewa baadaye, mkono ukishatulia.

"Papa, unataka nyungu zangu ziende soko uchi?" mama aliniuliza, akiniita Papa kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kiume.

"Mama, bantu banapika maharage, habapike michoro."

"Basi na we uende kanisa bila shati. Mungu anaangalia roho tu!"

Tulicheka sana, kisha akaweka mwiba kando. Dada yangu, aliyekuwa bado anajifunza kufinyanga, akazoea vyungu vitupu. Vile vya zamani vyenye michoro vilivunjika vyote tulipokimbia vita.

Mama alifariki kabla dada hajaushika ule mwiba, na leo hakuna mtu wa ukoo wetu anayejua kuchora mistari ya bibi.