Usafiri wa Bure hadi Bungoma

Rispah aliuza mashuka na mapazia ya watu asiowajua kwa watu asiowaona, na kwa miaka kadhaa kazi hiyo haikumletea aibu yoyote. Marobota yalifunguliwa asubuhi na mapema sokoni Kitale. Yeye alichagua, akafua, akapiga pasi, akatundika kwenye kamba nje ya nyumba yake mtaani Tuwan, akapiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa Bungoma, ambao walimwita Mama Mapazia. Alipokuwa msichana, vitu hivi vya mitumba viliitwa kafa ulaya. Hakuna aliyeona vibaya kuvaa koti la marehemu, mradi marehemu awe wa mbali.

Kazi ya simu ilimjia kwa sababu ya goti. Kabla ya hapo alitembeza nguo begani mtaa kwa mtaa, mpaka siku pikipiki ilipomkumba. Goti lilipona kwa masharti yake lenyewe: lilikataa vilima, na lilikataa kusimama zaidi ya ibada fupi. Mwanawe Ian, fundi wa trekta kule Moi's Bridge, alimtengenezea chumba cha nyuma.

"Mama, njoo tu. Utakaa, utaangalia watoto, utakula. Biashara ya nini?"

Alisema kwa mapenzi, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Rispah alimshukuru, kisha akauza mapazia kama mtu anayefukuzwa. Alijua vizuri maana ya chumba cha nyuma: kitanda kizuri, chai kwa wakati, na kuomba ruhusa kabla ya kuwasha redio. Nyumba ya Tuwan ilivuja upande wa jikoni, lakini ufunguo ulikuwa wake.

Tatizo lake halikuwa wateja. Lilikuwa barabara. Kila shuka lililouzwa Bungoma lilipitia ofisi ya mizigo pale steji ya matatu, na kwenye dirisha la ofisi hiyo alikaa karani mmoja, Gichuki, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akisimama.

"Gichuki, angalia vizuri. Nimetoa boksi. Ni shuka tu, nimelikunja kama leso."

"Mama, mzigo ni mzigo. Ukileta kijiko, mzigo mmoja. Ukileta gunia la viatu, mzigo mmoja."

"Kwa hivyo kilo haina maana?"

"Kilo ni mambo ya mahindi."

Rispah aliliona jibu hilo kuwa la kijeuri. Ilimchukua mwaka mzima, na msiba wa watu wengine, kugundua kwamba karani alikuwa akimpa ushauri. Wakati huo alichokiona ni kwamba nauli ya shuka ilikuwa inakaribia bei ya shuka. Wateja waliuliza nani analipia kutuma, na aliposema ni wao, walinyamaza ule unyamavu wa kwenye simu, ambao una alama mbili za buluu.

Ndipo Mukhwana alipokuja kunywa chai. Mukhwana alikuwa ndugu wa marehemu mumewe, na aliendesha gari la kubebea maiti: jeupe, lenye utepe wa zambarau na msalaba ubavuni. Watu wengi wa Bungoma huja kutibiwa Kitale, na baadhi yao hurudi kwa gari la Mukhwana.

"Shemeji, mimi karibu kila Ijumaa niko barabara ya Bungoma," alisema. "Abiria ni mmoja, na hajawahi kulalamika juu ya mizigo."

"Mukhwana, shindwa!"

"Si nyuma, bana! Nyuma ni kwa mwenyewe. Mbele, hapa kando yangu. Familia inakuja na gari lao, kiti kizima kinaenda bure. Nikishamfikisha mtu kwao, napitia kwa petroli, naachia yule jamaa wa pampu, wateja wako wanachukua. Polisi hata hawanisimamishi. Wanavua kofia."

Rispah alimwambia amalize chai aende. Baada ya siku chache alitangaza kwenye kundi: BUNGOMA TUNALETA BURE, KILA IJUMAA. Hakutaja gari.

"Bure aje, Mama Mapazia?" aliuliza Emmy, karani wa kaunti, mtu asiyeamini kitu mpaka kigongwe muhuri. "Ama unaiba?"

"Nina shemeji anapita huko."

Kila neno la jibu hilo lilikuwa la kweli, na Rispah alilala vizuri. Mauzo yalipanda. Alinunua mabati mawili, akaziba jikoni. Ian alipopiga simu kuuliza kama amefikiria kile chumba, mama yake alimwambia anafikiria, kwa sauti ya mtu asiyefikiria chochote.

Lakini ratiba ya Ijumaa haikuwa mikononi mwake, wala mwa Mukhwana. Kuna wiki watu wa Bungoma walikataa kufa Kitale. Ikawa desturi yake, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, kupiga simu.

"Wiki hii kuna mtu?"

"Wa Bungoma? Hakuna, shemeji."

"Hakuna kabisa?"

"Kulikuwa na mzee mmoja wodini. Watoto wake walishakuja kuuliza bei ya gari, hata tukaelewana. Halafu jana akaamka, akaitisha uji."

"Aaa," Rispah akasema.

Ilikuwa ni aaa ya mtu aliyefika dukani akaambiwa sukari imeisha. Aliisikia yeye mwenyewe, ikitoka kinywani mwake, na Mukhwana aliisikia pia, kwa sababu alikohoa na kuanza kuzungumzia mvua. Alipokata simu, Rispah alikaa akiitazama mizigo mezani, kila mmoja umefungwa kwa mfuko wa unga na kuandikwa jina kwa kalamu nene. Alijiambia ni uchovu. Uchovu umesingiziwa mengi katika nchi hii, na ukabeba na hili.

Wiki iliyofuata ujumbe ulitoka kwa Phelista. Huyu alikuwa fundi cherehani mjini Bungoma, mteja wake wa kwanza kabisa, aliyewaleta wengine wote kwenye kundi. Aliandika: "Mama Mapazia, nataka yale mapazia meupe na mashuka matatu, yafike Ijumaa. Tutakuwa na wageni wengi nyumbani." Hakusema wageni wa nini. Mtu aliyefiwa huchoka kulisema jambo lile lile.

Rispah alikumbuka kwamba Phelista ana binti mkubwa, akaamua ni mambo ya mahari. Akaongeza foronya mbili za bure. Juu ya mfuko akaandika PHELISTA, BUNGOMA, na chini yake, kwa herufi nzuri zaidi, HONGERA.

Mukhwana alipiga Alhamisi, kabla hata hajapigiwa.

"Kesho niko. Ni yule mzee wa uji."

"Amekufa?"

"Juzi."

"Haya. Basi nina mizigo sita."

Yaliyotokea huko Bungoma aliyapata kesho yake jioni kutoka kwa Mukhwana, aliyeyasimulia kwa sauti ya mtu aliyeegesha gari kando ya barabara ili aweze kuzungumza.

Jeneza lilikuwa limeshushwa na kuingizwa ndani. Mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa mwenye miwani, alifungua mlango wa mbele kuchukua picha ya ndugu yake iliyokuwa imesafiri kando ya dereva. Akakuta mifuko. Alidhani ni rambirambi za watu wa Kitale. Kwa kuwa ndiye aliyezoea kutangaza matoleo kila Jumapili, alivaa miwani vizuri, akainua mfuko wa kwanza, akasoma kwa sauti.

"Emmy, Bungoma."

Emmy alikuwa pale. Alikuwa amekuja na wanawake wa chama chao kumfariji mwenzao, na alisimama karibu na viti, vyombo mkononi. Aliviweka vyombo chini.

"Jepkemboi, Bungoma."

Jepkemboi naye alikuwepo. Alirudi nyuma hatua moja. Mzee aliendelea, mfuko kwa mfuko, na kila jina lilikuwa na mwenyewe, mzima, amesimama uani, akisikia jina lake likitolewa kwenye gari la maiti. Wa mwisho aliusoma polepole, kwa sababu alianza kuhisi kitu.

"Phelista, Bungoma. Hongera."

"Shemeji, waliokuwa wanalia waliacha," Mukhwana alisema. "Hiyo ndiyo ilinitisha."

"Phelista ni nani kwa marehemu?"

"Si ndiye binti yake!"

Kundi la WhatsApp lilikufa kabla ya giza kuingia. Wanawake walitoka mmoja mmoja, na simu ikatangaza kila anayetoka, bila huruma. Mmoja aliacha ujumbe wa sauti: "Ati jina langu linatoka kwa gari la maiti na mimi niko hai? Mama Mapazia, umeniandikia safari?" Jumatatu bidhaa zilianza kurudi, hata zile za miezi iliyopita, zilizokwisha kutundikwa. Zilirudi kupitia ofisi ya Gichuki, kila kitu peke yake, mpokeaji alipe.

"Leo mizigo inakuja huku, mama," Gichuki alisema.

Rispah alilipa. Mashuka hayo, kwa miaka yote, hakuna aliyewahi kuuliza mwenyewe wa kwanza alifia wapi. Sasa hayakugusika, kwa kuwa yalikuwa yamesafiri na watu waliofia Kitale. Angeweza kulisema hilo kwa watu, na angekuwa na hoja. Hakulisema, kwa sababu lililomkaa moyoni halikuwa mashuka.

Ian alipiga simu jioni. "Mama, si nilikwambia? Jumatano nakuja na pikapu, tubebe vitu."

"Njoo," Rispah alisema.

Lakini Jumanne alifunga kitambaa kichwani akaenda Bungoma. Ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi, siku ambayo waliofiwa hunyolewa nywele, na yeyote mwenye deni na marehemu, la kudai au la kudaiwa, husimama na kulisema mbele ya watu. Baada ya siku hiyo, hesabu ya mtu na dunia imefungwa.

Alikaa nyuma kabisa. Waliomwona hawakumsalimia. Mzee wa miwani aliongoza. Mtu mmoja alidai toroli lake. Mama mmoja alirudisha pampu ya baiskeli, akasema aliiazima wakati watoto wake wakiwa wadogo, na watu wakamcheka, kwa sababu watoto hao walikuwa wamekaa pale wakiwa na vitambi.

"Kuna mwingine? Tukifunga tumefunga."

Rispah alisimama, akishika kiti cha mbele.

"Mimi ni Rispah wa Tuwan. Ile mizigo ilikuwa yangu."

Minong'ono ilipita. Phelista alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa kimenyolewa upande mmoja, na kinyozi akabaki na wembe hewani.

"Marehemu alinibebea mizigo, na sikumwomba ruhusa, wala sikuwaomba nyinyi. Hilo mnalijua. Kuna lingine hamlijui. Wiki ile kabla hajafa niliambiwa amepata nafuu, ameitisha uji. Nikasikitika. Sikumjua. Nilisikitika kwa sababu gari halitakuja Bungoma."

Mzee alivua miwani. "Umesema ulisikitika."

"Nilisikitika."

"Kwa sababu ya mapazia."

"Kwa sababu ya mapazia, mzee."

"Ndugu yangu," mzee alisema, "alikuwa taniboi, mpakia mizigo wa lori la mahindi, tangu ujana mpaka mgongo ukakataa. Hakuwahi kubeba hata kuku wa mtu bure. Mama yetu mwenyewe alilipa. Akisikia amekubebea mizigo mwaka huu kwa nauli ya sifuri, huko aliko hatapumzika."

Watu walicheka, kicheko kile cha matanga ambacho hakina furaha nyingi ndani yake. Phelista hakucheka.

"Uji huo nilimpa mimi," alisema. "Kwa mkono huu. Alimaliza kikombe, akauliza kama sukari imeisha Bungoma nzima."

"Nisamehe, Phelista."

"Huko sijafika bado, Mama Ian."

Kinyozi alishusha mkono, akauinua tena. Phelista alimwashiria angoje.

"Usiandike jina langu tena juu ya kitu kinachosafiri. Wala la Emmy, wala la mtu yeyote hapa. Ukitaka kuuza mapazia Bungoma, tuma gunia moja, lisilo na jina la mtu. Lije dukani kwangu, kwa gari la watu walio hai, nilione mwenyewe likishuka. Kila mmoja achukue chake kwangu. Wakiona mimi nimeshika, watashika."

"Utapokea?"

"Nimesema nitaliona likishuka. Na kupinda mapazia ni kwangu, si kwa fundi mwingine."

"Sawa."

"Basi kaa. Goti lako linatetemeka."

"Kuna mwingine?" mzee aliuliza, na kinyozi akaendelea na kazi yake.

Jumatano Ian alimkuta mama yake akipiga pasi. Walikunywa chai, wakabishana kidogo, na pikapu ikarudi Moi's Bridge ikiwa tupu, isipokuwa pazia moja la dirisha la chumba cha nyuma. Rispah alisema chumba cha wageni hakipaswi kukaa wazi.

Ijumaa alisukuma gunia hadi dirishani kwa Gichuki. Karani aliinuka kwenye kiti chake ili alione vizuri, jambo lililowashangaza waliokuwa kwenye foleni.

"Huu ni mkubwa, mama."

"Ni mizigo mingapi?"

Gichuki aliliangalia, akakaa. "Ni mmoja. Si nimekuwa nikikwambia siku zote?"

Nauli ya gunia, ikigawanywa kwa wote, ikawa kitu ambacho mteja angeweza kukilipa bila kununa. Wengine walirudi, polepole, kwa kuwa walimwona Phelista akizishika nguo hizo kwa mikono yake. Emmy hakurudi. Phelista naye, kila Ijumaa jioni, hutuma neno moja tu: "Limefika." Rispah hamwongezei swali.

Siku hizi Mukhwana ndiye anayepiga simu Alhamisi, kwa mazoea.

"Kesho naenda Cheptais, kupitia Bungoma, shemeji. Kiti cha mbele kiko wazi, kama umebadilisha nia."

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo unayempeleka."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa.

"Chepkosgei," Mukhwana alisema. "Ni mama mzee."

Rispah alilirudia jina hilo, akasema pole, akarudi kwenye pasi.