Kanga Isiyojibika

Kwang'.

Mkanda wa chuma ukikatwa kwa koleo, robota la kanga lilikuwa linatoa mlio huo, halafu linashusha pumzi ndefu, fuuu, kama mama mtu mzima anayefungua gauni la kubana baada ya harusi. Mpaka leo nikisikia chuma kimeanguka kwenye sakafu ya saruji natazama chini kutafuta rangi. Maana baada ya mlio ndipo rangi zilipotoka, nyekundu na manjano na bluu kali, pamoja na harufu ya nguo mpya iliyosafiri baharini ikiwa imebanwa.

Nilikuwa muuzaji katika duka la kanga Kariakoo, kwenye mtaa ambao kila mlango ulikuwa duka na kila nguzo ilikuwa na mtu anayeuza kitu kingine kabisa. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba zima na nusu ya kozi ya taipu. Ilitosha, kwa sababu kazi yangu hasa ilikuwa kusoma. Mteja wa kanga haulizi rangi kwanza, anauliza inasemaje. Mimi naifungua, nasoma yale maneno ya chini kwa sauti, na macho yangu yako usoni mwake. Nikiona mdomo umepinda kidogo upande, najua jirani yake fulani kesho ataamka na balaa.

Hiyo ilikuwa enzi ya ruksa. Miaka michache kabla yake kanga ilikuwa kitu cha foleni. Unapanga mstari tangu alfajiri, unapewa doti moja, na maneno yoyote yatakayokuangukia ndiyo yako. Mama yangu mdogo aliwahi kurudi na kanga ya kumkejeli mke mwenza wakati hakuwa hata na mume. Akaivaa hivyo hivyo, huku akiwaomba radhi wanawake wa mtaani mmoja mmoja. Sasa milango ilikuwa imefunguliwa, mizigo inashuka bandarini kutoka Bombay, na kila mwanamke wa Dar akapata uhuru ambao hakuna kiongozi aliyeutaja kwenye hotuba: uhuru wa kuchagua maneno ya kumrushia jirani.

Huyo Mamdogo ndiye aliyenilea. Alitoka kusini, upande wa Lindi, akawa anauza vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu, na tulipanga chumba kimoja cha uani. Chumba cha mbele alikaa mama mmoja ambaye alikuwa mteja wetu mkubwa dukani, kwa sababu ya vita yake na Mamdogo. Chanzo cha vita sikijui. Kamba ya kuanikia nguo ilihusika, lakini nadhani wenyewe walishasahau mengine. Kila baada ya siku chache jirani alipita uani na kanga mpya, taratibu, mgongo ukiwa upande wetu. Mamdogo alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, kwa hiyo alifuata herufi moja moja huku midomo ikicheza, na kila kijembe kilimchukua muda mrefu kumwingia. Yeye hakujibu. Hakuwa na hela za kujibu, na moyo wake ulikuwa laini kama unga wake wa vitumbua.

Mwaka huo akaja mtu wa kwao, mwanamume mpole aliyefiwa na mkewe, mwenye shamba la mikorosho, akitaka kumwoa na kurudi naye kusini. Mamdogo alimpenda. Hilo lilionekana kwenye vitumbua, maana siku hizo vilikuwa vinaungua. Lakini kila akiulizwa wataondoka lini, alisema hawezi kumwacha mtoto. Mtoto ni mimi, nimeshaanza kazi, nina ufunguo wangu wa chumba. Nilitaka aende. Nilitaka kumwambia kwamba amenilea vya kutosha, hana deni lolote kwangu. Tatizo nikianza tu hiyo sentensi macho yanajaa, naye ananionyesha kidole: "Unaona? Siendi popote."

Basi nikaamua kanga inisemee. Dar nzima inasemewa na kanga, kwa nini mimi nishindwe?

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo. Kila asubuhi aliwasha ubani mbele ya picha ya mungu wao wa kike wa neema, akaivisha maua mabichi, halafu akakaa kutwa nzima kuchagua vijembe vya Kiswahili kwa ustadi kuliko mwanamke yeyote wa uswahilini. Nilimwandikia maneno yangu kwenye kipande cha karatasi ya kufungia: ULIYENILEA UMENITOSHA. Akavaa miwani.

"Hapa nani anasemwa, binti?"

Nikamwambia hakuna anayesemwa, Mzee, ni shukrani.

"Basi nani atanunua? Mapenzi yanauzika Idi tu. Ugomvi unauzika mwaka mzima."

Lakini na yeye alikuwa na binti aliyeolewa mbali, ng'ambo huko, na aliishika ile karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishoni akasema sawa, robota moja, na likilala utalivaa wewe mwenyewe lote. Nikachagua hata nakshi: korosho, kwa heshima ya bwana harusi.

Agizo liliandikwa na mpwa wake, tuliyemwita Bwana Mdogo, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Uingereza. Kijana mzuri, lakini alirudi na Kilatini kama wengine wanavyorudi na mafua. Nikimpa chai ya rangi na mwenzangu ya maziwa, alisema vice versa, akitaka vikombe vibadilishwe. Tukichagua nani akanunue maandazi, hiyo ilikuwa kamati ya ad hoc. Alimuuliza mchukuzi kama hati yake ni bona fide, na mchukuzi, jasho likimtiririka, akamwambia bosi mimi nimeleta mzigo tu. Barua zake zilikuwa na e.g. na i.e. na etc. na N.B. mpaka ukizisoma unaona kama karatasi inakohoa.

Nikamuuliza siku moja kama hicho pia ni Kiingereza. Akasema hapana dada, hicho ni Kilatini, lugha ya watu wa Roma ya zamani. Nikauliza wako wapi siku hizi. Akasema walikufa, kitambo sana, wote.

"Sasa Waingereza wanaitumia ya nini?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Nadhani ili waonekane wamesoma."

Nilifurahi siku nzima. Kumbe Mzungu naye ana Mzungu wake. Sisi tunachomeka Kiingereza ili tuonekane watu, na hicho tunachochomeka nacho kimechomekwa. Tangu hapo nikaanza kuwaona wale wafu kila mahali. Kwenye ubao wa mechi, katikati ya timu mbili, wamekaa na vs yao. Kwenye saa ya ofisini wanaita a.m. wakati sisi tunaita asubuhi na tunajielewa. Wachukuzi ambao hawakuingia darasani walikuwa wanasema profoma, ile ankara ya awali, kama wanavyosema chumvi. Ofisi za Posta watu walikuwa wanaisubiri per diem, posho ya safari, kuliko mshahara, na waliopunguzwa kwenye mashirika ya umma walikuwa wanazunguka Kariakoo kutafuta wa kuwachapia CV, yaani mwendo wa maisha, kama alivyonieleza Bwana Mdogo, wakati wengi mwendo wenyewe ulikuwa umesimama. Mimi na nusu ya kozi yangu nilikuwa nasema lugha ya kaburini tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kunipongeza.

Sasa, kwenye agizo, Bwana Mdogo alieleza kanga ya kwanza, ya kijembe cha kawaida, kwa kirefu: rangi, pindo, upana, maneno. Alipofika ya kwangu akachoka kuchapa. Mahali pa maneno akaandika kwa herufi kubwa MUTATIS MUTANDIS, akimaanisha kama ile ya juu, badilisha panapopasa kubadilishwa. Chini yake akaweka N.B., na maneno yangu akayaandika kwa kalamu, herufi ndogo ndogo. Kule kiwandani Bombay hakuna aliyejua Kiswahili. Kazi yao miaka yote ilikuwa kuchapa wasichokielewa. Na hiki nacho hawakukielewa, kwa hiyo wakakichapa.

Kwang', fuuu. Nilikuwa wa kwanza kuingiza mkono. Nikavuta doti ya juu: korosho zimekaa vizuri, wekundu umeiva, na chini, ndani ya kisanduku cha maneno, MUTATIS MUTANDIS. Nikavuta ya pili. Nikavuta ya katikati. Robota zima lilikuwa linasema hivyo.

Bwana Mdogo alipoona alikaa juu ya mzani. Mzee alivua miwani akaisafisha, akaivaa tena, maneno yakawa bado yale yale. Mimi nilienda nyuma ya marobota nikalia kidogo, halafu nikasikia Mzee ananiita, itundike, binti, kanga ni kanga.

Mteja wa kwanza kuiona alikuwa mama mmoja mwenye haraka. Nikamsomea kwa heshima zote. Akauliza ni Kiarabu? Nikasema ni Kilatini. Cha wapi hicho? Nikasema ukweli, cha watu waliokwisha kufa. Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama vizuri, halafu akasema nifungie mbili, kuna mtu aliyechukua bwana wangu, hii ataielewa tu.

Ikaenda hivyo. Aliyeuliza maana nilimpa ile ya Bwana Mdogo, kwamba yabadilishwe yanayopasa kubadilishwa, na kila mmoja alijua yeye mwenyewe ni lipi. Mmoja alisema ni kuhusu wifi yake. Mwingine alisema mwenye nyumba wake. Bibi mmoja mzee sana alitikisa kichwa, akasema maneno haya yana dua ndani yake, akamnunulia mjukuu anayeolewa. Robota lilikwisha kabla ya yale ya vijembe vya kawaida, na Mzee akamwita mpwa wake pembeni kumuuliza kama wale marehemu waliacha maneno mengine.

Mimi nilibakiza doti moja. Nilikuwa nimemwambia Mamdogo kuna kanga inakuja yenye neno lake, na alikuwa anaisubiri. Alikaa mlangoni akaisoma kwa mtindo wake, herufi moja moja, mu, ta, tis. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kumwambia yale yaliyotakiwa kuwepo kwenye kanga. Nikafungua mdomo, yakatoka mengine. Nikasema kwa shida kwamba maana yake ni mambo yanayotakiwa kubadilika yabadilike, mengine yabaki hivyo hivyo. Akanitazama. Sijui aliona nini. Halafu akaikunjua tena, akaigeuza mgongoni, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Hii," akasema, "nitampitia nayo jirani."

Kesho yake asubuhi hakungoja hata kuipinda. Aliivaa na nyuzi zake zinaning'inia, akapita uani taratibu, mgongo ukiwa upande wa chumba cha mbele. Jirani alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama. Midomo ikaanza kucheza, herufi moja moja, na yeye.

"Jirani, leo umevaa nini?"

"Soma."

"Nimesoma."

"Basi umeshaambiwa."

Akaendelea na safari yake mpaka msalani, ambako hakuwa na haja, akarudi kwa mwendo ule ule.

Mama yule hakulala. Kulipokucha alikuja dukani, akasimama mbele yangu mwekundu wa macho, akataka nimwambie Mamdogo amemtukana nini. Nikamweleza ukweli. Hakuuamini hata kidogo, alisema haiwezekani maneno makubwa namna ile yawe na maana ndogo namna hiyo. Lakini kijembe usichokielewa hukijibu, na kanga zote za dukani hazikuwa na jibu lake. Kwa hiyo akafanya lililobaki, akaenda duka la pili mtaani, lililonunua za kwetu kwa jumla, akanunua ile ile.

Siku ya kufua wakakutana bombani, wote wawili MUTATIS MUTANDIS, mmoja ndoo mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Wakatazamana. Nilikuwa dirishani, nikaweka sabuni chini. Jirani ndiye aliyeanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu akashika ukuta, na Mamdogo akacheka mpaka ndoo ikamwagika. Miaka yote ya vita ile ilikuwa kwa Kiswahili fasaha ambacho kila mtu alikielewa. Ilikuja kuisha kwa maneno ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyeyajua.

Baada ya hapo walianza kupika pamoja, kukopeshana chumvi, na kunisema mimi. Na ni jirani, si mimi wala kanga yangu, aliyemwambia Mamdogo lile neno lililobaki. Alilisema huku anamenya vitunguu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei: nenda ukaolewe bwana, mtoto nitamwangalia mimi. Mamdogo akakubali siku hiyo hiyo. Nami niliyetumia Bombay na Roma kutafuta njia ya kulisema, nikaenda kuteka maji.

Barabara ya kusini ilikuwa imekatika Rufiji, kama kawaida yake, hivyo wangeenda kwa meli. Mchana wa mwisho Mamdogo alitoka na jirani kuaga mtaa. Chumba kilikuwa na sanduku lake, mkeka wangu na ile kanga, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa haijapindwa. Nikachukua sindano. Nikakaa kwenye mwanga wa mlango, nikakunja ule upande wenye nyuzi, na kabla ya kukunja mara ya pili nikachukua ile kalamu ya wino mweusi tuliyokuwa tunaandikia marobota. Nikaandika ndani ya mkunjo, herufi ndogo, kwa Kiswahili, yale maneno yangu mawili, nikaongeza la tatu: uliyenilea umenitosha, nenda. Nikapuliza wino ukauke. Nikakunja juu yake, nikashona mishono ya karibu karibu mpaka mwisho, nikakata uzi kwa meno, nikaiweka juu kabisa kwenye sanduku lake.