Mahindi ya Mbele ya Altare

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya misheni, Iringa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, sikushikishwa patasi. Fundi Mkuu, Mbena mmoja wa maneno machache, aliniweka dirishani, mgongo kwenye mwanga, mbele yangu mezani ubao wa mninga uliochongwa mahindi. Akaniuliza naona nini. Nikasema vishimo. Akanizungusha upande wa pili wa meza, nikalitazama dirisha, na vile vishimo vikawa punje zilizovimba. Nilipapasa kwa kidole, siamini.

"Jicho limezoea jua," akasema. "Linadhani mwanga wote unatoka juu. Kivuli kikiwa upande wa chini, linakuambia kitu kimeinuka. Kikiwa upande wa juu, linakuambia kimebonyea. Usibishane nalo. Uliza kwanza taa itakaa wapi."

Basi nikauliza. Baada ya miaka michache nilipewa kuchonga ubao wa mbele ya altare, na nikifaulu ningekuwa fundi wa nakshi. Mwenzenu nilikuwa sitaki kingine duniani. Padre Msimamizi, bosi wetu, alisema taa zitatundikwa juu ukutani. Nikachonga mahindi, punje moja moja, mchongo wa kina kifupi usiozidi unene wa kucha.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, Padre akaogopa moshi usichafue chokaa mpya ya ukuta. Karabai zikawekwa sakafuni. Jamani! Mahindi yangu yote yakaonekana yameliwa na fukusi. Watu wakanong'ona kwamba ni mkosi. Nilinyanyua karabai moja juu ya kichwa, punje zikarudi. Padre aliziona, naapa. Alitazama mpaka nikaanza kufurahi.

Kesho yake akaniita mbele ya mafundi wote.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini taa zangu hazihami kwa ajili ya ubao wako. Chukua randa."

Nikausawazisha kwa mikono yangu mwenyewe. Fundi Mkuu aliinamia kazi yake, hakusema neno, na hilo sijamsamehe hadi leo. Nikahamishiwa Mbeya kutengeneza milango, madawati na majeneza. Ninyi vijana mnaniuliza kwa nini sikuwafundisha nakshi. Niwafundishe kwa moyo gani?

Nilipostaafu, nilikwenda kusali kule Iringa. Umeme ulikuwa umefika, na taa wamezipandisha ukutani. Mwanga ulishuka vizuri kabisa kwenye ubao wangu, na ubao ulikuwa mtupu.