Hewa Nzuri ya Mlimani

Juzi mjukuu wangu aliniletea picha ya nyumba za mlimani, eti tuhamie huko, kuna hewa nzuri. Nilisonya.

Alasiri moja, nikiwa mtoto hapa Kindu, treni ilimrudisha Madame, mke wa Mzungu aliyemwajiri baba, kutoka milimani. Mashavu yake yalikuwa mekundu. "Hewa nzuri ajabu!" alisema. Nyuma yake alishuka baba, mmoja wa waliombeba mabegani kwenye kipoyi, kile kiti cha wakubwa, mpaka kileleni. Mabega yake yalikuwa yamevimba. Nilidhani mlima hunenepesha watu: Wazungu mashavuni, sisi mabegani.

Nyumbani mama alimkanda kwa mawese ya moto, harufu ikajaa chumba. Nikauliza, "Baba, na weye ulivuta ile hewa nzuri?"

"Hewa yote njo Madame alivuta," mama alijibu. "Baba yako alikuwa anatafuta pumzi tu."