Kopo Lililofika Makola

Kitu cha kwanza ambacho wanawake wa Tsévié, Togo, walikiona kwa Ayoko ni kopo tupu la bati, limebonyea ubavuni, amelikumbatia kama mwana. Walikuwa wakimtazamia mtaalamu wa masoko kutoka Lomé, mwenye makabrasha.

"Umekuja kuomba maji, mwanangu?" Mama Essivi, mkuu wa kikundi, alimtania. Wakaangaji wenzake wakaangua kicheko.

Kicheko hicho hakikushuka moyoni. Chenga zao za muhogo uliokaangwa zilikuwa nyeupe, kavu, zinazolia mdomoni. Lakini mara mbili walizivusha mpaka kwenda Accra katika mifuko safi ya kilo mbili, na mara mbili mzigo ulirudi. Ukirudi mara ya tatu, jiko lingefungwa.

"Waghana hawapendi chetu. Basi!" alisema Essivi.

"Wanapenda, mama. Hawaiamini kilo yenu tu."

Ayoko alikuwa ameshinda siku tatu katika soko la Makola, Accra, akitazama mikono ya wauzaji. Kule chenga hupimwa kwa kopo kama lile lake, hujazwa mpaka zifanye kilele, kisha muuzaji hutupia konzi moja ya nyongeza. Mfuko wa kilo hauna kilele wala konzi. Machoni pa mnunuzi, huyo mwenye mfuko anaficha jambo.

Basi akajaza kopo, akapandisha kilele, akatupia konzi, akamimina yote katika mfuko mmoja na kuufunga. Juu ya kila mfuko wakachora kopo lenye kilele na mkono ulio wazi.

Wiki ya pili baada ya mzigo huo kupelekwa Makola, simu ikalia. Alikuwa Mama Dzifa, mchuuzi wa Makola.

"Ninyi watu wa Tsévié, mmelala? Mifuko mia nne imekwisha, wateja wananivuta kanga!"

Essivi alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. "Na wewe mwenye kopo," alimwambia Ayoko, "maji utakunywa leo, na kuku juu yake!"

Wiki iliyopita Ayoko alirudi na kopo jingine, fupi na pana, la Cotonou, Benin. Huko wanapenda chenga zenye uchachu, kwa hiyo muhogo umechachushwa siku mbili zaidi. Wanawake wameshona sare ya kitenge kimoja. Lori la kwanza la kwenda mashariki linaondoka Jumatatu, na Essivi, ambaye hajawahi kuvuka mpaka ule, tayari ameweka mkoba wake kwenye kiti cha mbele.