Tangazo Lililomkimbiza Kila Mtu

Majira ya baridi ya mwaka ule, katika mji wetu mdogo jimboni Saskatchewan, mzee mmoja alikutwa nyumbani kwake siku tisa baada ya kufa. Siku tisa! Na sisi tulikuwa tunapita mlangoni pake kwenda posta. Mimi nilikuwa karani wa Lorna Prystupa, afisa ustawi wa jamii, na najua habari ile ilivyomnyima usingizi. Aliapa haitatokea tena.

Basi akapanga. Alizunguka na fomu zake nyumba hadi nyumba, akapata wazee kumi na wanane waliofiwa na wake zao na kubaki peke yao. Akaomba ukumbi, akaoka keki, akabandika tangazo posta: “Alasiri ya Wazee Wapweke.” Hakuja hata mmoja. Keki tuliila wawili, kwa hasira.

Kesho yake akambana mzee Orval Friesen dukani.

“Mbona hukuja, mzee?”

“Niegeshe pikapu yangu pale mji mzima uione, waseme Orval kawa mpweke? Binti, umesoma mpaka umepitiliza!”

Lorna alicheka, lakini neno lilimwingia.

“Haya, nisaidie jambo moja. Jirani yako Nestor Hnatiuk hana wa kumjulia hali. Unaweza kumpitia kila asubuhi?”

“Nestor? Yule hata yai hajui kuchemsha. Nitampitia.”

Saa moja baadaye Lorna alikuwa jikoni kwa Nestor, akimwomba ampitie Orval kila jioni. Wala hakudanganya, maana wote wawili hawakuwa na mtu. Akaendelea hivyo, wawili wawili, mpaka akawafikia wazee wote kumi na wanane. Tangazo alilichana mwenyewe.

Mwezi wa pili Orval aliteleza kwenye barafu nyuma ya nyumba, akavunjika nyonga. Angelala pale hadi asubuhi, angekuwa maiti. Nestor alimkuta jioni ileile, bado anatukana.

Tulipofika hospitali, Nestor alikuwa amesimama nje ya chumba, kofia mkononi.

“Si unaona, Lorna? Huyu mtu si wa kuachwa peke yake.”

Tukaingia. Orval hakutaja hata nyonga yake. Alimvuta Lorna karibu, akanong'ona:

“Binti, kesho asubuhi nani atampitia Nestor?”