Shikamoo Ishirini kwa Siku

Mama mkwe alinitangaza kwa ukoo mzima kwamba sina adabu, eti nilimwamkia nimesimama. Kwetu Usukumani mkamwana anapiga goti, najua. Lakini nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili kwa shida, kiuno na magoti vimelegea, nikishuka chini sinyanyuki mpaka nivutwe mkono. Nilimweleza. Hakutaka kusikia. Hasira ile niliamka nayo na kulala nayo.

Hospitalini, mama wa mazoezi ya viungo alinionyesha: chuchumaa taratibu, nyanyuka bila kushika kitu, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni.

"Asubuhi ipi?" nikamuuliza. Mimi ni mama lishe kwenye machimbo ya dhahabu, Nyarugusu. Saa kumi na moja nakoleza mkaa, saa moja wachimbaji wananigongea sahani.

Akacheka. "Basi yachomeke popote."

Nikayachomeka. Maji ya ugali yakisubiriwa kuchemka, nasimama kwa vidole vya miguu, nashuka, napanda. Nikiosha vyombo nakaza tumbo. Kuchuchumaa ndiko kulikokosa nafasi, mpaka nilipogundua kwamba wazee wanapita mbele ya banda langu kutwa, na kila mzee anadai shikamoo yake. Nikaanza kumshukia kila mmoja, mgongo wima, na sinyanyuki mpaka aitikie marahaba. Wiki za kwanza nilishika meza. Baadaye nikaiacha.

Mzee wa duka la vitenge, jirani yangu, akaniambia, "Binti, siku hizi una heshima kweli."

"Si heshima, baba. Ni magoti."

Wachimbaji kwenye benchi wakacheka. Mmoja akadakia, "Dada, na sisi je, hutuamkii?"

"Zeeka kwanza."

Mwezi wa tatu wa mazoezi, mama mkwe akaja na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni. Nikashuka mpaka goti likagusa vumbi. "Shikamoo mama." Nikanyanyuka mwenyewe, sikushika hata ukingo wa meza.

Akauweka mfuko mezani. "Kumbe ulikuwa unaumwa kweli?"

"Nilikwambia mara tatu, mama."

"Uliniambia kwa hasira."

"Na bado ninayo."

Akacheka, akakaa, akala. Alipotaka kuinuka akanawe, benchi likamshinda mara mbili, ya tatu akashika bega langu. Nilimtazama, naye akaona nimeona.

"Haya, nionyeshe," akasema, kama anayeagiza chai.

Alikuja akae siku mbili tu, na huu ni mwezi wa pili hajaondoka. Ugali ukiwa jikoni tunasimama bega kwa bega, yeye kashika meza, anahesabu Kisukuma kwa sauti: imo, ibili, idatu. Akichoka anaruka moja kwa moja hadi kumi.

"Mama, rudia."

Anarudia, huku ananisema.